Toba ya Mbalamwezi

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, asihangaike, mambo ya Candide hayana kona nyingi. Alisema uongo. Uongo ukamneemesha. Halafu akaokoka, na hapo ndipo taabu zilipoanza.

Candide, mama yake Armelle, anakausha dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, pale boti zinapopakua. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye akazaliwa huku huku, akaolewa na nahodha Meshack, Muha, wakajenga Katubuka. Kwa miaka kichanja chake kilikuwa chini karibu na maji, mahali ambapo wimbi likipiga kidogo tu dagaa wanalowa. Ukingo wa juu, penye upepo na jua la mapema, palikuwa pa Bi Mwasiti wa Ujiji, na wanunuzi walikuwa wanampita Candide kila asubuhi kumfuata yeye.

Siku moja mnunuzi mkubwa, Dismasi, yule anayepakia magunia kwenye treni, aliuliza kwa mzaha mbona dagaa wa Bi Mwasiti hawana inzi.

"Hujui?" Candide alimjibu. "Anawapulizia dawa ya kuulia mende."

Alilisema hilo huku anafunga kanga, wala hakulirudia. Hakukuwa na haja, maana hadi jioni mwalo mzima ulikuwa unalijua. Magunia ya Bi Mwasiti yakakataliwa. Akazungushwa, akasemwa, akachoka, akang'oa nyavu zake za kuanikia akarudi Ujiji kukaanga mihogo. Ukingo wa juu ukabaki wazi na Candide akapanda.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakufika Kibirizi.

Sasa mnajua, au kama hamjui mjue, kwamba mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa. Boti hazitoki. Wavuvi wanakaa nchi kavu wanasuka nyavu na kugombana na wake zao, na ndiyo maana mchungaji Barutwanayo hupanga semina zake za toba siku hizo hizo. Watu wa mwalo wana jina la utani kwa jambo hilo, wanaliita toba ya mbalamwezi. Huja na mwezi, na giza likirudi, boti zikitoka, kila mtu anarudia mambo yake.

Tulimwacha Candide mbele ya kanisa, kipaza sauti mkononi, machozi yanamtoka, akikiri kwamba aliwahi kumsingizia jirani mpaka jirani akapoteza riziki. Jina hakulitaja. Kanisa likapiga makofi. Mchungaji akatangaza kwamba dada yetu amefutiwa yote, na Jumapili atabatizwa ziwani.

Alirudi nyumbani mwepesi. Kulipokucha akakumbuka kwamba wakati yeye anapigiwa makofi, Bi Mwasiti alikuwa amekaa mbele ya karai la mafuta, macho yamejaa moshi. Wepesi wote ukaisha.

*

"Mchungaji, nataka kumtaja," alisema.

Alimkuta Barutwanayo nje ya kanisa anapanga viti vya plastiki.

"Kumtaja nani?"

"Yule niliyemsingizia. Ni Bi Mwasiti, aliyekuwa ukingo wa juu. Ile habari ya dawa niliitunga mimi."

Mchungaji alikishusha kiti alichokishika, akatazama kama kuna mtu karibu.

"Nani amekuambia umtaje?"

"Hakuna. Ni moyo tu."

"Moyo una hila, dada yangu. Umetubu au hukutubu?"

"Nimetubu."

"Umesamehewa au hukusamehewa?"

"Wewe ulisema nimesamehewa."

"Basi. Mungu ameshazitupa dhambi zako kwenye kilindi cha ziwa, wewe unataka kwenda kuzivua?"

"Lakini yule mama bado anakaanga mihogo."

"Toba ni kati ya mtu na Mungu wake, Candide. Ukianza kuongeza vya kwako, ni kama unasema damu ya Yesu haikutosha."

"Siongezi, mchungaji. Nataka kurudisha."

Hilo halikuwamo kwenye semina. Barutwanayo alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akapunguza sauti.

"Sikiliza, Mama Armelle. Wewe mlokole, yeye Mwislamu wa Ujiji. Siku utakayosema hadharani kwamba mlokole ndiye aliyemharibia Mwislamu riziki, watu hawatasema Candide. Watasema kanisa. Nani atawazuia hapo? Tulia. Jumapili ubatizwe. Yule mama Mungu atamtazama kwa njia zake."

Candide aliondoka amekasirika, na hasira ya mtu aliyeokoka juzi ni mbaya kwa sababu haina pa kwenda. Zamani angetukana. Sasa alitembea tu, anauma midomo, anajiuliza hizo njia za Mungu ni zipi kama si yeye Candide aliyeharibu.

Mimi simlaumu sana mchungaji. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu, kama mtakavyoona. Lakini mtu akikuambia jino linamuuma usimpe dawa ya macho.

*

Alipoona kanisani hakuna njia, akaenda kwa mwenye masikio aliyoyajaza uongo, yaani Dismasi. Alimkuta kwenye stoo yake anashona midomo ya magunia.

"Kaka Dismasi, ile habari ya Bi Mwasiti na dawa ni uongo. Niliitunga mimi."

Dismasi aliichomeka sindano kwenye gunia, akamtazama kwa huruma.

"Nimesikia umeokoka."

"Ndiyo, na ndiyo sababu nimekuja."

"Naelewa. Nyie mkishaokoka hamruhusiwi kumsema mtu vibaya."

"Sivyo. Bi Mwasiti hakupulizia kitu. Sijawahi kumwona na dawa hata siku moja. Nilimwonea wivu."

"Mama Armelle, mimi nilikula dagaa wake. Tumbo liliniuma wiki nzima."

"Liliuma baada ya kusikia habari, kaka."

"Tumbo lina masikio?"

"Nitazame usoni. Nilikudanganya."

Dismasi alifikiri. Ni mtu wa biashara, hafikirii ovyo.

"Tuseme ulinidanganya wakati ule. Nitajuaje kwamba sasa hunidanganyi? Na tuseme wakati ule ulisema kweli, basi sasa unamsitiri mwenzako. Kote kote, mimi dagaa wa yule mama sili."

Candide alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kibao. Hakujiandaa kutoaminiwa.

"Lakini nimekuheshimu," Dismasi aliendelea. "Mtu anayewatia watu sumu, na wewe unasimama kumtetea. Huo ndio Ukristo wenyewe. Subiri."

Akatoa simu, akafungua kundi la wanunuzi, akaiweka karibu na mdomo.

"Ndugu wanunuzi, habari za saa hizi. Niko hapa na Mama Armelle wa ukingo wa juu. Ameokoka kweli kweli. Amemsamehe Bi Mwasiti yale mambo yote ya dawa, na anatuomba na sisi tumsamehe. Mungu ambariki."

"Kaka, sijamsamehe mimi, mimi ndiye..."

"Imeshaenda," Dismasi alisema, akachukua sindano yake.

Kabla hajafika barabarani watu walikuwa wanamsalimia kwa adabu mpya. Kuli mmoja alimpisha njia. Mwanamke asiyemfahamu alimshika mkono akamwambia amina. Mchungaji Barutwanayo alipiga simu, sauti imechangamka.

"Nimeisikia ile sauti. Umefanya kwa hekima sana, dada yangu. Amani imepatikana na jina la kanisa limeinuliwa."

Candide alikata simu. Alikuwa amekwenda kujishusha, amerudi amepandishwa, na Bi Mwasiti amezidi kuzama. Alitaka kulia kwa uchungu na kucheka kwa wakati mmoja, akaishia kuchelewa bajaji.

*

Nyumbani Katubuka, Meshack alikuwa amekaa uani anafuta taa za boti. Mbalamwezi ilikuwa inaisha, kesho yake wangerudi ziwani, na nyumba nzima ilikuwa inaomba arudi, maana mvuvi akikaa nyumbani siku nyingi anaanza kuhesabu chumvi.

Candide alimsimulia yote. Meshack alisikiliza bila kuacha kufuta.

"Kwa hiyo umemwambia Mungu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Ukaliambia kanisa. Ukamwambia mchungaji. Ukamwambia Dismasi. Na sasa umeniambia mimi."

"Ndiyo, mume wangu."

"Mwenyewe umemwambia?"

Candide alianza kuzipanga taa zilizokwisha kufutwa.

"Mimi kanisani kwenu siendi," Meshack alisema. "Na mafundisho ya kipaimara nilitoroka. Lakini nakumbuka katekista alivyotufundisha. Ukiiba kuku wa mtu, nenda ukaungame, halafu umrudishe kuku. Wewe umeungama. Kuku yuko wapi?"

"Kuku gani, jamani?"

"Si uko naye? Ukingo wa juu umepanga vichanja vyako. Unalia kanisani kwa sababu ya kuku, na asubuhi unakula mayai yake."

Ilimkata. Alitaka kumjibu kwamba ukingo ule ndio uliomlipia Armelle ada, kwamba hata yeye Meshack amekula mayai hayo. Akaona kwamba majibu yote aliyonayo ni ya mwizi.

"Nahodha akigundua boti inaelekea Kalemie ng'ambo na yeye anataka Kibirizi, halii," Meshack alisema. "Anageuza. Hata akilia, alie huku anageuza. Nipe kile kitambaa."

"Na akinipiga?"

"Atakuwa amekupiga."

Wanaume wengine ni wa kuwaogopa jinsi wanavyofariji.

*

Kesho yake mchana Candide alipanda bajaji kwenda Ujiji. Huendi kwa mtu mikono mitupu, hasa ukienda kuomba, kwa hiyo alibeba mfuko wa dagaa wazuri kuliko wote aliokuwa nao. Akili ilimrudia alipokwisha kushuka. Amemharibia mtu biashara ya dagaa, amemchukulia mahali pake pa kukaushia, na sasa anamletea zawadi ya dagaa waliokaukia pale pale. Alitaka kuutupa ule mfuko mtaroni, lakini Yusra, binti yake Bi Mwasiti, alikuwa ameshamwona.

"Mama, Mama Armelle wa mwaloni kaja."

"Nani? Yeye mwenyewe?" Bi Mwasiti alitoka jikoni anajifuta mikono. "Karibu, mwanangu. Karibu ndani. Yusra, tandika mkeka, weka chai."

"Shikamoo, Bi Mwasiti."

"Marahaba, marahaba. Kaa. Kumbe nilivyokuombea jana usiku umesikia."

Candide alikaa. Hakuelewa ukarimu ule unatoka wapi.

"Nimeisikia ile sauti ya Dismasi," Bi Mwasiti alisema. "Shemeji yangu yumo kwenye kundi lao, kanirushia. Hayo ya kunisamehe, Dismasi hajui kusema, nimempuuza. Lakini nimeelewa kwamba umekwenda kunitetea. Mwaka mzima watu wamenila nyama, hakuna aliyefungua mdomo. Wewe tu."

"Bi Mwasiti..."

"Ngoja, kunywa chai kwanza. Mimi nina neno na wewe, na usiponiacha niliseme litanikaba."

Candide alikunywa. Alihitaji kitu cha kushika.

"Nilikudhania vibaya," Bi Mwasiti alisema. "Nilipoona umepanda mahali pangu nikasema, ni huyu. Nikakulaani, mwanangu. Nimekulaani kwenye sala zangu, nawe hukuwa na kosa. Nakuomba radhi. Nisamehe."

Hebu fikirini wenyewe. Kila kitu kilikuwa kimetengenezwa tayari. Mchungaji ameridhika, wanunuzi wanamsifu, na sasa aliyeumizwa anamwomba msamaha yeye. Candide alikuwa na kazi ya kusema nimekusamehe tu, wamalize chai, Jumapili aingie majini. Shetani mwenyewe asingepanga vizuri hivyo.

"Oya, hapana," Candide alisema. "Usiniombe. Ulidhani sawasawa. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ile habari ya dawa. Ni mimi niliyemwambia Dismasi. Niliitunga. Ndiyo maana nilikwenda kwake kusema si kweli, yeye akaigeuza."

Yusra alisimama mlangoni na birika mkononi. Bi Mwasiti alikitazama kikombe cha Candide kana kwamba ndicho kilichozungumza.

"Ulijua lini kwamba ni vibaya?" aliuliza.

"Siku ile ile."

"Ukanyamaza mwaka."

"Nilinyamaza."

"Na hayo maungamo yako kanisani, nimeyasikia pia. Ulinitaja?"

"Sikukutaja."

"Wenzako walifanyaje?"

Candide aliinamisha kichwa. "Walipiga makofi."

"Makofi," Bi Mwasiti alisema. "Mimi huku nakaanga mihogo, macho yananitoka machozi kwa moshi, nyie kule mnapigiana makofi."

"Nimekuja kukuomba msamaha, Bi Mwasiti."

"Sina. Sisi tumefundishwa kwamba haki ya Mungu huisamehe Mungu, na haki ya mja huisamehe mja mwenyewe. Mimi sijasamehe. Usitoke hapa ukasema Bi Mwasiti kanisamehe, kama ulivyosema yale mengine."

"Sitasema."

"Ulinisema wapi?"

"Mwaloni."

"Basi kaseme huko huko. Kesho asubuhi boti zikirudi, wanunuzi wote wakiwepo. Useme kwa mdomo wako, utaje jina langu na jina lako. Halafu uteremshe vitu vyako mahali pangu. Mimi nitakuja na nyavu zangu."

"Nitasema."

"Na mfuko wako usiusahau."

Candide aliuchukua. Njiani alilia, lakini ajabu ni kwamba hakujuta kwenda. Kwa mara ya kwanza tangu aokoke alikuwa amesema jambo likamfikia mtu lilivyo, bila kugeuzwa. Lilimuuma Bi Mwasiti na lilimuuma yeye, lakini lilifika.

*

Asubuhi boti za kwanza za giza zilirudi zimejaa. Mwalo ulikuwa umefurika watu na makarai, wanawake wanagombania ndoo, kina Dismasi wanapapasa dagaa kwa vidole. Boti ya Meshack ilikuwa bado haijaonekana.

Candide alikuwa ameshaviteremsha vichanja vyake tangu alfajiri, akaacha ukingo wa juu mweupe. Akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu zangu, naomba mnisikilize."

Hakuna aliyesikia. Aliita tena, na tena, mpaka sauti ikakwaruza. Dismasi akawanyamazisha watu kwa ajili yake, akidhani anataka kuomba dua.

"Mwaka jana mlisikia kwamba Bi Mwasiti wa Ujiji anapulizia dagaa dawa," Candide alisema. "Ni uongo. Mimi, Candide, mama yake Armelle, niliutunga uongo huo kwa wivu, nikamwambia Dismasi. Bi Mwasiti hana kosa. Mahali hapa ni pake, leo namrudishia."

Wanawake waliziweka ndoo chini. Candide alifikiri, sasa wamenielewa.

"Mama Armelle," Verediana, mkaushaji mwenzake wa kule chini, aliuliza kwa upole. "Jana ulikwenda Ujiji?"

"Nilikwenda."

"Kwa Bi Mwasiti?"

"Ndiyo."

"Ulikula chochote?"

"Nilikunywa chai. Kwa nini?"

Ukapita mnong'ono kutoka ukingoni hadi majini. Verediana alijishika kifua.

"Mnaona?" Dismasi alisema. "Juzi alikuja stoo kwangu mzima kabisa, amemsamehe mtu. Jana akanyweshwa kitu. Leo anajibebesha makosa ya mwenzake na kugawa mahali pake."

"Sikunyweshwa kitu. Juzi nilikuja kukuambia maneno haya haya."

"Maskini. Hata hakumbuki alichosema."

"Nakumbuka kila neno."

"Aliyerogwa hajijui," mtu alisema nyuma, na wengi wakaitikia.

"Nilipowadanganya mliniamini ndani ya siku moja," Candide alisema kwa ghadhabu. "Leo nawaambia kweli mnasema nimerogwa. Nifanyeje ili mniamini? Niwadanganye tena?"

Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Kila alichosema kilikuwa dalili. Akipandisha sauti, ni pepo. Akishusha, dawa imemlegeza. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, lakini mwaloni asubuhi ile hakuwa mpenzi wa mtu yeyote.

Mchungaji Barutwanayo alifika anahema, ameitwa na Verediana. Alipanda ukingoni akamwekea Candide mkono kichwani na kuanza kukemea. Candide alijaribu kuutoa mkono. Watu wakamshika mabega, kwa upendo, ili asijiumize.

"Mchungaji, wewe unajua," alimwambia chini ya mkono ule. "Nilikuja kwako kabla sijakwenda Ujiji. Nilikuambia jina. Waambie."

Mkono ulisita. Barutwanayo alifumbua macho, akawatazama watu, akayafumba tena.

"Waambie, mchungaji."

Hapo ndipo bajaji ilipoingia mwaloni. Bi Mwasiti alishuka, kanga mpya, nyavu zake za kuanikia zimekunjwa vizuri begani. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayerudi kwake. Akaanza kupanda ukingo.

Watu walimpisha. Alidhani ni heshima. Wavuvi waliokuwa wanaosha boti waliacha kuosha wakasogea, na makasia walikuwa nayo mikononi. Mwenye bajaji aliona kabla yake, akageuza chombo bila kungoja nauli.

"Candide," mchungaji alinong'ona, na sasa hakuwa anakemea tena. "Unawaona wale wanaume? Sema ulichanganyikiwa. Sema ni homa. Neno moja tu, watacheka, watatawanyika, yule mama atarudi kwao mzima. Mungu anaujua moyo wako."

Kusema haki, hilo lilikuwa na akili. Ukweli wake ungemuua Bi Mwasiti, na uongo mmoja mdogo ungemwokoa. Mwaka mzima uongo wa Candide ulikuwa unamwumiza mwanamke yule, na leo, siku ambayo ameapa kuuacha, ndiyo siku ulipohitajika.

Bi Mwasiti alifika juu. Akaziweka nyavu zake chini mahali pake, akanyoosha mgongo, na ndipo alipoziona nyuso.

"Umeshawaambia?" alimwuliza Candide.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

Candide alitazama makasia, akamtazama mchungaji, akatazama ziwani. Boti ya Meshack haikuwepo.

"Wamesema umeniroga," alisema.

Bi Mwasiti alianza kurudi nyuma, lakini nyuma palikuwa na ukingo na chini ya ukingo palikuwa na mawe.

Candide aliushika mkono wa mchungaji uliokuwa kichwani mwake, akautoa. Akawasukuma waliomshika mabega, akavuka zile hatua chache, akasimama mbele ya Bi Mwasiti, uso kwa wanaume.

"Mama Armelle, toka hapo," Dismasi alisema. "Wewe hatukutaki. Tunamtaka huyo."

"Huyo hana kosa. Mwenye kosa mnaye hapa."

"Toka, mama. Usituharibie."

Mwanamume wa kwanza akakanyaga ukingo, na wa pili nyuma yake. Candide alipeleka mkono nyuma bila kugeuka, akautafuta mkono wa Bi Mwasiti, akaushika. Ulikuwa wa baridi, na ulijinyofoa.

"Usinishike," Bi Mwasiti alisema kwa sauti ndogo. "Sijakusamehe."

"Najua, Bi Mwasiti," Candide alisema, na akabaki amesimama pale pale, wanaume wanapanda.